Utani Unaishia Getini

Ukitaka kumfurahisha Pierrette, usimsifu nguo wala nywele. Sifu chisense yake. Chisense ni vile visamaki vidogo vya Ziwa Mweru ambavyo watu wengi wa Nchelenge huvianika mchangani moja kwa moja, na ndiyo maana ukivitafuna sana meno hulalamika. Vya Pierrette havikuwa na chembe ya mchanga. Alivianika juu ya vichanja vya wavu, vilivyoinuliwa hadi kiunoni mwa mtu, na kila mgeni aliyeingia uwanjani kwake alipewa konzi moja atafune palepale, huku mwenye uwanja amesimama mbele yake, mikono kiunoni, akingoja sifa.

Alikuwa na haki ya kuringa. Alitoka Manono, Kongo, wakati wa vita, na mtoto wake wa kwanza, Dédé, akiwa mgongoni. Alivuka mpaka, akafika kambi ya wakimbizi ya Mantapala mwaka ule ule ilipofunguliwa, akalima karanga katika kipande alichopewa, akaziuza, akapata kibali cha kufanya biashara mjini, na sasa alikuwa amekodi uwanja wenye uzio wa matete karibu na soko la Kashikishi. Tena alikuwa ameajiri watu, na wenyeji wakiwamo. Mkimbizi anayewalipa wenyeji mshahara! Hilo alilisema mara nyingi mno, hata akina mama wa kwaya yake walikuwa wamelichoka. Alipenda pia kusema kwamba katika uwanja wake hakuna mtu aliyewahi kuumia, na hapo ndipo alipokuwa akijidanganya.

Wafanyakazi wake walikuwa watatu tu. Félix, jirani yake wa Mantapala, alibeba magunia. Olipa, mama mtu mzima wa hapohapo ziwani, alichekecha na kuondoa takataka. Na Mapalo, mwanamke mwenyeji pia, alipima. Katika biashara ya chisense mpimaji ndiye kila kitu. Anapiga magoti kwenye turubai mbele ya kopo kubwa la plastiki liitwalo meda, anazungusha mkono wa kushoto kwenye mdomo wa kopo uwe ukuta, kisha kwa mkono wa kulia anamwaga samaki mpaka kilima kinasimama juu ya kopo bila kuporomoka. Mapalo alikuwa na kilima kizuri kuliko wapimaji wote wa Kashikishi. Kikisimama, wanunuzi walinyamaza kwanza.

Baada ya kunyamaza ndipo kelele zilipoanza, kwa sababu ya mbasela. Mbasela ni nyongeza ya bure, konzi moja au mbili za kumshukuru mnunuzi, na kwao Pierrette huitwa matabishi. Bei aliipanga Pierrette mwenyewe, lakini mbasela alimwachia Mapalo aamue kwa mkono wake. Alidhani huko ni kumwamini mtu. Hakuwahi kukaa akafikiri kwamba kila mnunuzi asiyeridhika, badala ya kugombana na mwenye mali aliyeketi kivulini, alikuwa akigombana na mwanamke aliyepiga magoti chini yake. Wengine walibembeleza, wengine walifoka, wengine walimshika mkono na kuuvuta kuelekea kwenye gunia. Pierrette aliona, akayaita mambo ya soko.

Mnunuzi wake mkubwa aliitwa Lackson Kalumba. Alizaliwa Mwansabombwe, katika mkoa huohuo, lakini alikuwa ametajirikia Kitwe, mji wa migodi ya shaba wa Copperbelt, na lori lake likiegeshwa mbele ya geti, uwanja mzima ulichangamka, kwa maana aliweza kuondoka na nusu ya kila kilichokauka. Siku ya kwanza alipomsikia Mapalo akijitaja kuwa wa ukoo wa Samaki, alirusha kofia yake juu kwa furaha. Yeye alikuwa wa ukoo wa Mamba. Na mamba anakula samaki.

Olipa ndiye aliyemfafanulia Pierrette. Huku, alisema, koo zimefungana kwa utani tangu zamani za mababu. Mamba na Samaki ni wanungwe. Mnungwe wako anaweza kukutukana hadharani, kukunyang'anya sahani ya chakula, kukufanyia vituko hata msibani kwenu, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Lakini ukifa, mnungwe wako huyohuyo ndiye atakayekuchimbia kaburi. Pierrette aliona ni mila nzuri. Kwao pia utani ulikuwapo, ila wa namna nyingine, na yeye alikuwa mgeni. Mgeni haingii nyumba ya watu akaanza kupanga upya viti.

Basi utani ukashamiri. Lackson alimwita Mapalo kitoweo. Alimvua kitambaa cha kichwa akakitundika kwenye kioo cha lori. Alimrushia konzi ya chisense usoni, alimmwagia maji ya chupa yake shingoni. Mapalo alikuwa na mdomo, akamjibu kwamba mamba wa Kitwe hana meno, anakunywa uji kwa mrija. Watu walikuwa wakitoka sokoni kuja kuwasikiliza, na wakishasikiliza walinunua. Pierrette alicheka kuliko wote. Vichekesho vile havikumgharimu chochote na vilimletea wateja.

Halafu majibu ya Mapalo yakaanza kuwa mafupi. Félix aliliona hilo kwanza, akamnong'oneza bosi wake, naye akamwambia abebe magunia. Mwishowe Mapalo alikuja mwenyewe, jioni moja kabla ya kufunga, akasimama mbele ya kiti cha Pierrette huku akikung'uta magamba mikononi. Alitumia Kiswahili kile cha biashara alichojifunza kwa Wakongomani, na alimheshimu bosi wake kwa kumwita Bana Dédé, yaani Mama Dédé, jinsi Wabemba wanavyofanya.

"Bana Dédé, munipeleke ku chekeche. Mama Olipa apime yeye."

"Ba Lackson anakuyaka hapa juu ya mukono yako," Pierrette alimjibu. "Vumilia kidogo, mama. Sizo inaisha."

Na kweli msimu ulikuwa ukingoni. Kila mwaka serikali hufunga uvuvi mvua zinapokolea ili samaki wazae, na katika wiki za mwisho kabla ya kufungwa wanunuzi humiminika, kila mmoja akitaka kujaza ghala lake. Lackson alikuja asubuhi moja ya wiki hizo, lori tupu na haraka nyingi. Mapalo alipima, Félix akabeba, lori likajaa nusu. Kwenye meda moja Mapalo aliweka mbasela ya konzi mbili, kama kawaida, akasogeza kopo pembeni.

Lackson alitaka ya tatu. Mapalo alitikisa kichwa. Lackson alimshika kifundo cha mkono, akauzamisha mkono wake kwa nguvu ndani ya gunia, huku akiimba kitu kuhusu mamba na samaki. Mapalo alimwambia amwachie. Alisema hivyo mara ya pili, na safari hii hakukuwa na utani katika sauti yake. Lackson, akicheka bado, aliokota meda tupu akampiga nayo usoni.

Uwanja ulicheka. Ni lazima lisemwe jinsi lilivyokuwa: watu walicheka, kwa mazoea, na Pierrette alikuwa amekwisha kufungua mdomo acheke nao. Kisha damu ikaonekana. Ukingo wa kopo ulikuwa umepasua mdomo wa juu, na damu ilikuwa ikidondoka kwenye turubai, juu ya ile chisense isiyo na mchanga. Kicheko kilikatika. Lackson alitazama huku na huku, akainua mikono yake mitupu, akasema ni utani tu, huyu ni mnungwe wake.

Watu wote wakamgeukia Mapalo. Walikuwa wakingoja, na Pierrette alikuwa hajui wanangoja nini. Mapalo alijifuta kwa nyuma ya mkono, akatazama mkono, kisha akacheka. Alicheka damu ikiwa kwenye meno. Watu wakapumua, mmoja akapiga makofi, na Lackson akamwambia aendelee kupima maana jua linapanda.

Hapo moyo wa Pierrette uligoma. Alikuwa ameona mambo mengi njiani kutoka Manono, na kule alikuwa ameona watu wakicheka kwa namna hiyo mbele ya wenye bunduki. Hakudhani angekiona kicheko kile tena, sembuse uwanjani kwake, kwa mtu anayemlipa mshahara. Alimwinua Mapalo kwa kwapa, akampeleka nyuma ya vichanja palipokuwa na pipa la maji, akamwosha uso.

Mapalo ndiye aliyemtuliza yeye. Alimwomba asiende kugombana na yule mtu, kwa sababu watu wangesema Mapalo hajui utani, na aibu ingewafikia ndugu zake wote. Mamba ndio wanaotuzika, alisema.

Pierrette alimuuliza kama utani wao unaruhusu kupasuana midomo. Mapalo aliukandamiza mdomo wake kwa kitambaa.

"Utani ni ya batu babili, Bana Dédé. Kule ku njia, akinifanyia, na miye ninamufanyia, tunacheka, tunaenda. Hapa niko napiga magoti, niko nashika meda yenu. Nikimurudishia, ni muteja yenu njo nimepiga. Sasa nitafanya nini? Ninacheka tu."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Niliwaambia."

Pierrette alikumbuka chekeche. Alikumbuka pia neno lake mwenyewe, vumilia kidogo, na likamchoma. Yeye, aliyekuwa akijipiga kifua mbele ya kwaya nzima, ndiye aliyemweka huyu mwanamke magotini, akamkabidhi mbasela ya kugombaniwa, akamfunga mikono kwa kuogopa kumpoteza mteja, kisha akaketi kivulini akacheka. Lackson alikuwa ameinua kopo, lakini mahali pa kupigiwa palikuwa pametengenezwa na Pierrette.

Alirudi mbele. Lackson alikuwa ameketi kwenye gunia akichokonoa meno. Pierrette alimwambia Félix ashushe gunia alilokuwa nalo begani.

"Ba Lackson, kazi imesimama. Mubebe ile yenye imeisha kupimwa, muende."

Lackson alidhani ni utani mwingine. Alipoona si utani, alisimama, na alikuwa mrefu. Alimweleza, kwanza kwa upole, kwamba hayo ni mambo ya wenye nchi, hata mwenyewe Mapalo amecheka, kila mtu amemwona. Pierrette hakusogea. Ndipo upole ukaisha.

"Wewe mukimbizi," alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. "Ulikuya hapa na turubai mu kichwa. Leo njo unatufundisha mila yetu?"

Neno lile lilimpata pale alipotaka limpate. Pierrette alisikia masikio yanawaka. Kwa muda mfupi aliona mambo yote yakimwendea kombo, kibali, uwanja, vichanja, karo ya Dédé.

"Mila yenu sijue," alisema. "Kazi njo ninajua. Huyu, miye njo nilimuita hapa, miye njo nilimupatia meda. Mutu akimupiga mu kazi yangu, ni kama miye nimemupiga. Na miye sipige batu."

Lackson aliondoka na nusu lori. Alipokuwa akipanda alisema kwamba Copperbelt nzima itapata habari, na kwamba Mama Dédé atakula chisense yake mwenyewe mpaka Pasaka. Pierrette alifunga geti, akamchukua Mapalo hadi kliniki, wakaketi kwenye benchi mpaka mdomo ukashonwa. Alimuuliza kama anataka waende polisi, akamwambia kwamba akitaka yeye atakuwa shahidi wa kwanza. Mapalo alisema hapana, si sasa. Pierrette hakumsukuma. Alimwambia akae nyumbani mpaka apone, na mshahara wake utamfikia hukohuko.

Kisha akaanza kazi ya kupanga upya viti, maana uwanja huu haukuwa nyumba ya wengine. Ulikuwa wake. Félix, ambaye kwao alikuwa seremala kabla ya kuwa mkimbizi, alitengeneza meza ndefu ya mbao, pana kiasi kwamba mtu wa upande huu hawezi kumfikia wa upande ule bila kujilaza juu yake. Kuanzia sasa mpimaji atasimama nyuma ya meza, kimo kwa kimo na mnunuzi, na hatapima peke yake. Mbasela Pierrette aliifunga mwenyewe katika vifuko, kila meda na kifuko chake, sawa kwa kila mtu, na mwenye kutaka zaidi akamsumbue Mama Dédé, si mpimaji. Na jambo la mwisho: mfanyakazi yeyote akisema "basi", kila mtu anaacha alichoshika, hata kama ni gunia liko nusu ya njia kuelekea kwenye lori, na kazi hairudi mpaka mwenye uwanja aje aone kuna nini. Utani wa koo, matusi ya mapenzi, mambo ya wanungwe, vyote vinaishia getini.

Félix alikuna kichwa, akasema wanunuzi watakimbia. Olipa aliguna kwamba hajawahi kuona chisense ikiuzwa kama stempu. Soko lilicheka zaidi, na kabla wiki haijaisha uwanja ulikuwa umepewa jina, Benki. Watu walipita getini wakiuliza kama wanaweza kufungua akaunti. Pierrette aliwajibu kwamba wanaweza, waje na vitambulisho.

Mapalo aliporudi, na alama nyekundu juu ya mdomo, alizunguka meza ile mara moja, akaigusa ubao kwa ubao. Hakusema asante, na Pierrette hakuona sababu ya kuambiwa asante. Mapalo alisimama nyuma ya meza, akaweka meda mbele yake, akajenga kilima. Kilikuwa kirefu kuliko vyote alivyowahi kujenga akiwa magotini, na Pierrette alilazimika kugeuka atazame ziwa, kwa sababu machozi yalikuwa yakimlengalenga, na bosi hataki kuonekana akilia.

Ila wanunuzi walikimbia kweli. Lackson hakuwa mtu wa kutishia bure. Malori ya Copperbelt yalipita mbele ya geti bila kupunguza mwendo, yakaenda kwenye viwanja vingine, ambako mpimaji bado alipiga magoti na mbasela bado iligombaniwa. Waliobaki ni akina mama wa mabeseni, wenye kununua meda moja ya kwenda kukaanga. Vichanja vilijaa, ghala likajaa, magunia yakapangwa hadi chini ya kiti cha Pierrette. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa Kisiwa cha Chisenga. Kanisani Pierrette aliomba, wala hakuomba hekima. Aliomba lori.

Mvua ya kwanza ilinyesha kwa hasira. Ilikuta chisense za ufukwe wote ziko mchangani, ikazichanganya na tope, na waliokuwa na haraka ya kuuza wakabaki wanachambua uji. Ya Pierrette ilikuwa juu ya vichanja na chini ya maturubai. Siku iliyofuata ilibaki ndiyo chisense kavu pekee iliyokuwa nyingi kiasi cha kujaza lori, na kila mtu alijua.

Kwa hiyo Lackson alirudi. Alikuja kwa adabu, shati jeupe, viatu vimefutwa, na kuku jike aliyefungwa miguu chini ya kwapa. Alisimama upande wake wa meza. Alimsalimia Pierrette kwa jina la heshima, akamsifu vichanja vyake, akatafuna konzi bila kupewa, akasema kweli haina mchanga. Alisema anachukua yote, ghala zima, na lori la pili liko njiani.

Pierrette aliyatazama magunia yaliyojaa chini ya kiti chake. Yote. Msimu mzima ungeokoka palepale. Aliuliza kuku ni wa nini, na Lackson akamweka kuku mezani, mbele ya Mapalo, akasema ni wa kufuta yaliyopita. Kisha akamgeukia Mapalo mwenyewe.

"Munungwe wangu, sema wewe. Kama umenisamehe, bosi wako aniuzie. Kama haujanisamehe, ninaenda zangu."

Alilisema kwa sauti nzuri, na lilionekana kuwa jambo la haki kabisa. Uwanja mzima ukamwangalia Mapalo. Olipa alisimamisha chekeche. Félix alimwangalia kwa macho ya mtu anayehesabu magunia yatakayotoka. Na Pierrette, Mungu amsamehe, alimwangalia vilevile, akimwomba kimoyomoyo aseme ndiyo. Ni neno dogo tu, na kila mtu angepona.

Mdomo wa Mapalo ulianza kuvutika pembeni. Kicheko kilikuwa kinakuja, kile kile cha siku ile, safari hii bila damu. Pierrette alikitambua kabla hakijatoka. Walikuwa wamemrudisha magotini, wote kwa pamoja, na yeye mwenyewe akiwamo, wakamwekea mkononi mzigo wa uwanja mzima ili aubebe kwa kutabasamu.

"Basi," alisema Pierrette.

Olipa aliweka chekeche chini. Félix alishusha gunia. Mapalo aliinua mikono yake kutoka kwenye meda, na kicheko chake hakikutoka.

"Ba Lackson, musimuulize huyu. Samaha ni yake, atawapa siku anataka, ku nyumba yabo, na kuku mupeleke kulekule. Lakini kuuza ni yangu. Miye njo ninakataa. Sizo hii hamununue hapa. Mwaka kesho mukuye, tutaona kama mumejifunza meza."

Lackson alikuwa amejiandaa kumbembeleza mmoja na kumtisha mwingine, na sasa kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, na mtu huyo habembelezeki. Alimchukua kuku wake. Alitembea hadi getini taratibu, akimpa Pierrette nafasi ya kubadili mawazo. Pierrette alikaza macho kwenye mgongo wa lile shati jeupe mpaka lilipotoka nje. Kifua kilikuwa kimejaa, na safari hii hakikujaa upepo. Alijua hasara iliyokuwa inamngoja. Na kweli baadaye aliiuza chisense ile kidogo kidogo kwa Wakongomani wa Lubumbashi, kwa bei ya kuuma meno, na Dédé akaanza muhula na viatu vya zamani.

Siku hiyo Lackson alikuwa hajapanda hata lori lake. Mapalo alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza.

"Bana Dédé, munipatie ruhusa nitoke kidogo."

Pierrette alimpa, akidhani anakwenda kulia. Mapalo alipita kwenye pipa, akachukua ndoo ya maji waliyokuwa wameoshea nyavu za vichanja, maji meusi yaliyojaa magamba, akatoka nayo getini. Lackson alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya lori. Mapalo alimwita kwa jina la ukoo wake, kwa sauti kubwa ya Kibemba, "We Ng'andu!", yaani wewe Mamba, na alipogeuka akammwagia ndoo nzima, kuanzia utosini.

Barabara yote ilisimama. Maji yalichuruzika kwenye shati, magamba yakabaki kwenye masharubu, kuku akapiga kelele. Lackson alikunja ngumi, na Félix alikuwa amekwisha kuruka kutoka nyuma ya meza. Lakini huko nje watu walikuwa wameuona utani kwa macho yao, wakawa wanangoja, akina mama wa mabeseni, waendesha baiskeli, watu wa soko zima, wakimtazama mnungwe aliyemwagiwa na mnungwe wake. Ngumi ilifunguka kidole baada ya kidole. Lackson Kalumba alicheka. Alicheka vibaya, kama mtu anayemeza dawa chungu, lakini alicheka, na watu wakaangua kicheko pamoja naye.

Mapalo naye alicheka. Alishika magoti akacheka, akanyooka akacheka tena, mpaka kovu la mdomo likavutika likawa jeupe. Pierrette, aliyekuwa amesimama upande wa ndani wa geti, hakuwahi kumsikia akicheka hivyo tangu amwajiri.

Félix alimuuliza kama amrudishe kazini.

"Umuache," Pierrette alisema. "Kule inje eko na munungwe wake."

Mama mmoja alikuwa amefika na beseni na alikuwa anangoja kupimiwa. Pierrette aliichukua aproni ya Mapalo kutoka mezani, akaivaa, akasimama nyuma ya meda.